Betri Mpya Si Ushahidi Kwamba Bodi Imeungua

Kamera za filamu za miaka ya 70 na 80 zikiletwa kwangu zikiwa zimekufa, huja na hukumu mkononi: "Betri ni mpya, nimeipima, basi bodi ya saketi imeungua." Jamani, hapana! Kwa hukumu hiyo watu wanatupa kamera nzima kwa sababu ya kipande cha waya.

Kusafisha soketi na kuangalia chanya na hasi, hayo nayapita.

Ninachogombana nacho ni hilo neno "nimepima". Umepima wapi, na nini kilikuwa kinavuta umeme wakati huo? Chukua Canon AE-1 ya mwaka 1976: betri yake ni ya volti 6, na bila umeme shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, haifyatuki kabisa. Betri ya alkali ikivuja, majimaji yake hayaishii kwenye soketi. Hutambaa ndani ya waya, chini ya plastiki, yakila shaba uzi kwa uzi. Chuna plastiki uone: shaba imekuwa nyeusi au ya kijani, na lehemu haishiki. Lakini weka mita kwenye ncha ya pili ya waya huohuo, utasoma volti 6 kamili. Mita inavuta umeme kidogo mno, hata uzi mmoja uliobaki unaitosha. Bonyeza kitufe, saketi na koili ya shata vidai umeme wake, volti zinaporomoka papo hapo. Kwa hiyo pima pale waya unapoingia kwenye bodi, kitufe kikiwa kimebonyezwa. Kipimo cha betri iliyokaa bila kazi hakikuambii kitu.

Minolta X-700 ikigoma kufyatua, fungua bamba la kitako ubadilishe kapasita, kile kipande kidogo kinachotunza chaji ya umeme, kabla ya kuigusa bodi. Na kama kamera iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, nawe umeweka alkali ya 1.5, kipimo cha mwanga kitadanganya bila ubovu wowote, isipokuwa kwenye zile zenye saketi ya daraja, isiyoyumbishwa na tofauti hiyo ya volti, kama Pentax Spotmatic.

Bodi zinazokufa kweli zipo, sikatai. Zipo pia kamera zinazofufuka baada ya kufutwa migusano kwa spiriti, ilhali vipimo vyote vilikuwa sawa tangu mwanzo. Hizo siziamini. Namwambia mwenyewe apige kwanza filamu ya majaribio, na ikizima tena aniletee ikiwa hivyohivyo, bila kutoa betri.