Vifuko vya bakteria si takataka

"Vifuko hivyo ni mabaki ya bakteria waliokufa tu," kijana mmoja wa maabara aliniambia tukinywa chai Mwanjelwa, Mbeya. Si kweli. Bakteria aliye hai huvimbisha utando wake wa nje, ukatuna kama povu la sabuni kwenye beseni, kisha ukakatika: kifuko cha nanometa (sehemu ya bilioni ya mita) 20 hadi 250 hivi. (Wengine hupasuka kweli, vipande vikajikunja kuwa vifuko; kijana alikuwa na ukweli kidogo.) Ndani mna sumu, vimeng'enya, hata vinasaba vya kumpa jirani. Vingine hunasa antibayotiki kabla haijamfikia bakteria mwenyewe. Mwaka 2004 Nyuzilandi ilianza kuvitumia kama chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wa kundi B: kifuko kina sura ya adui, ila hakizaliani.