"Mimi sijui kuchora": dhana potofu kuhusu kujifunza kuchora, na ukweli wake

Mpe mtu mzima penseli na karatasi, jibu la kwanza karibu kila mara ni hilohilo: mimi sijui kuchora. Mtoto wa miaka minne hasemi hivyo. Anachora ng'ombe mwenye miguu sita, anakuonyesha kwa furaha, anageuza karatasi na kuendelea upande wa pili. Baadaye, mara nyingi akiwa na miaka tisa hadi kumi na miwili, anaanza kutaka ng'ombe wake afanane na ng'ombe wa kweli. Hafanani, na hakuna wa kumwelekeza. Anaacha. Ukikutana naye akiwa na miaka arobaini, uchoraji wake umebaki palepale alipouacha, naye anaamini kwamba hakujaliwa.

Naongoza vikundi vya kuchora vya watu wazima, watu wa kazi za kawaida wanaokuja na daftari na penseli. Dhana ninazozijibu hapa ni zile zinazowazuia watu kuja, au zinazowafanya wakate tamaa mapema wakishakuja.

"Kuchora ni kipaji, unacho au huna"

Wapo wanaopata wepesi kuliko wenzao, kama ilivyo katika kuimba na hesabu. Lakini kinachowakwamisha wengi si mkono. Mkono unaoandika kwa hati inayosomeka, unaoshona kifungo au kusuka nywele, tayari una ustadi wa kutosha. Mwaka 1997 watafiti Dale Cohen na Susan Bennett waliuliza kwa nini watu wengi hawawezi kuchora wanachokiona. Wakapima sababu zinazowezekana: mkono wenyewe, uamuzi wa kipi kichorwe, jinsi mtu anavyoupima mchoro wake, na jinsi anavyokiona kitu kilicho mbele yake. Hiyo ya mwisho ndiyo waliyoikuta na uzito mkubwa. Mtu anakosea kwenye karatasi kwa sababu ameanza kukosea kwenye kutazama.

Hili nalishuhudia kila ninapoweka mbuzi ya kukunia nazi katikati na watu wakakaa duara. Kila mmoja anaijua tangu utoto. Aliyekaa ubavuni anaona kiti kidogo cha miguu iliyopishana, na ulimi wa chuma umetokeza mbele. Aliyekaa mbele, ambaye ulimi unamwelekea yeye, anaona kitu kingine kabisa: meno ya chuma karibu sana na macho, ulimi umefupika hadi karibu kupotea, na nyuma yake mbao zilizobanana. Hata hivyo, mzunguko wa kwanza karibu wote huchora mbuzi ya ubavuni, hata yule aliyekaa mbele. Hawachori mbuzi iliyopo, wanachora mbuzi wanayoijua. Mzunguko wa pili nawaomba wasichore mbuzi bali wachore uwazi tu, zile nafasi zinazobaki kati ya mguu na mguu, kati ya kiti na sakafu. Nafasi hizo hazina jina, kwa hiyo hakuna kumbukumbu ya kuziingilia. Jicho linalazimika kufanya kazi, na mbuzi ya kweli inatokea yenyewe.

Uso nao una mtego kama huo. Pima kwa penseli kutoka utosini hadi machoni, kisha kutoka machoni hadi kidevuni: vipimo hivyo viwili vinakaribia kulingana. Macho yako katikati ya kichwa. Anayeanza huyaweka juu zaidi, kwa sababu paji la uso halimvutii na hulipunguza bila kujua.

Na kama unadhani umri umekupita, mchoraji wa Uholanzi Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania ambaye mtindo wake unaitwa kwa jina lake, aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kupaka picha zake jijini Dar es Salaam mwaka 1968, baada ya kupitia kazi nyingine kadhaa.

"Mchoraji huiona picha kichwani kwanza, kisha anainakili"

Glen Keane, mchoraji aliyembuni na kumchora nguva Ariel wa filamu za Disney, ameeleza hadharani kwamba hana uwezo wa kuona picha akilini. Akifumba macho haoni kitu. Anaanza na mistari hafifu, anaitafuta sura kwenye karatasi hadi aikute. Kwa hiyo ukiwa unafumba macho na kukuta giza tupu, hilo si ushahidi wa lolote. Karatasi ndiyo mahali pa kufikiria.

"Michezo ni ya watoto, mtu mzima anataka mafunzo ya kweli"

Hapa ndipo nabishana na watu zaidi ya popote. Wanakuja wakitarajia kanuni, wanakuta nawaambia wachore mikono yao bila kutazama karatasi, wanahisi wanapotezewa muda. Ningependa waelewe kila mchezo unafanya kazi gani.

Huo wa kutotazama karatasi ni zoezi zito lenye historia. Kimon Nicolaïdes alilifundisha New York, katika chuo cha Art Students League, na mafunzo yake yakachapishwa mwaka 1941, baada ya kifo chake. Unaweka ncha ya penseli kwenye karatasi, unaelekeza macho kwenye kiungo kimoja cha mkono wako wa kushoto, na unajiaminisha kwamba ncha ile inaugusa mkono wenyewe. Kisha unatembea pembeni mwa kidole polepole sana, jicho na penseli kwa mwendo mmoja. Ukifika kwenye mkunjo wa kiungo, unaingia nao. Ukifika kwenye ukucha, unauzunguka. Huruhusiwi kuchungulia. Ukimaliza, kidole cha kati kimetokea kando ya kiganja na dole gumba limevimba, na darasa zima linacheka kwa sababu kila mtu kapata kitu cha ajabu. Lakini angalia mstari wenyewe. Umejaa habari: mikunjo, kovu la zamani, namna ngozi inavyojikusanya kwenye kiungo. Hakuna aliyechora kovu lile alipokuwa akichora "mkono mzuri".

Kicheko kile ni sehemu ya somo. Anayejua tangu mwanzo kwamba mchoro hautafanana hana cha kuogopa, na asiye na hofu hutazama kwa makini zaidi.

Kuna mchezo wa nusu dakika: mmoja anasimama mkao wowote, kana kwamba anachota maji au anadaka daladala, wengine wanamchora, kisha anabadilika. Nusu dakika haitoshi kuchora vifungo vya shati. Inatosha kuona uzito wa mwili umeegemea mguu upi. Kuna kuchora picha iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu, zoezi alilolieneza mwalimu wa Marekani Betty Edwards mwaka 1979 kwa kutumia mchoro ambao Picasso alimchora mtunzi wa muziki Igor Stravinsky. Zoezi hili hufanya kazi vizuri sana, kwa sababu pua iliyogeuzwa haikuiti uchore pua, inakuwa mistari tu. Maelezo yaliyoambatana nalo, kwamba upande wa kulia wa ubongo ndio unaochora na wa kushoto ndio unaokwamisha, yamerahisisha mno. Ubongo hufanya kazi hiyo kwa pande zote mbili. Kwa hiyo lichukue zoezi, nadharia iache.

Na kuna karatasi ya kukunjwa. Mmoja anachora kichwa, anakunja kukificha, anaacha alama mbili za shingo. Wa pili anaendelea na kiwiliwili bila kujua kilichotangulia, wa tatu miguu. Wasanii wa Paris katika miaka ya 1920 waliucheza mchezo huu kwa dhati na kazi zao zimehifadhiwa hadi leo. Kwenye kikundi kipya ndio mchezo ninaoutumia mapema, kwa kuwa mchoro haumilikiwi na mtu mmoja, na hivyo hakuna wa kuaibika.

"Daftari la michoro linapaswa kupendeza"

Mitandao imeeneza madaftari ambayo kila ukurasa unafaa kutundikwa ukutani. Mengi yametengenezwa ili yaonyeshwe, na yanawatia watu woga wa kuanza ukurasa wa kwanza. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watembee na kijitabu kidogo, watazame watu wakizungumza, wakigombana, wakicheka, wawachore kwa mistari michache, na wasifute, kwa kuwa maumbo hayana mwisho na kumbukumbu haiwezi kuyabeba yote. Picasso alichora makumi ya michoro ya maandalizi kwa ajili ya Guernica, picha yake kubwa kuhusu ukatili wa vita, mwaka 1937, na kwenye mingi farasi na mama anayelia bado wanatafuta mkao wao. Daftari ni mahali pa kutafuta.

Zoezi la kila siku ninalolipendekeza linatokana na Lynda Barry, mchora vibonzo anayefundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Gawanya ukurasa sehemu nne. Andika ulichofanya leo, ulichoona, maneno uliyosikia mtu akiyasema, kisha kwenye sehemu ya nne chora haraka kimojawapo cha vile ulivyoona. Ni dakika chache tu. Baada ya muda utajikuta mchana unatazama kwa ajili ya ukurasa wa jioni: namna muuza kahawa anavyoshika birika, namna mzee anavyokunja gazeti. Raba iache nyumbani. Mstari ulioharibika ukibaki, unakuambia mstari wa pili upite wapi.

"Kwenye kikundi watanicheka, bora nijifunze peke yangu"

Hofu hii naiheshimu, maana wengi waliwahi kuchekwa kweli darasani wakiwa watoto. Lakini ukichora peke yako unaona mbuzi moja tu. Kwenye duara la watu kumi, mkipanga madaftari sakafuni, mnaziona kumi, na mwenzako amegundua kivuli ulichokipita. Kikundi chetu kina sharti moja: hakuna kusema "nzuri" wala "mbaya". Sema unachokiona. "Hapa mstari umekuwa mzito." "Nimeona umeacha kuchora kiti ukabakiza kamba." Sifa tupu haimfundishi mtu, na humfanya arudie kilekile kilichosifiwa.

Uchoraji wetu wa Afrika Mashariki umekua kwa vikundi. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa kwenye baraza ya nyumba yake Kampala, na kutokana na hapo ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere. Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, lakini alikuwa ameshawakusanya ndugu na jamaa wakajifunza kwa kuketi pamoja naye na kufanya. Bila kile kikundi, mtindo ungekwisha naye.

"Kunakili ni wizi"

Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Marangu na kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi, ana kaulimbiu inayojulikana sana: usinakili, kunakili humlaza Mungu usingizi. Naielewa. Alikuwa akizungumza na kizazi kilichofundishwa kuiga Ulaya, na alitaka kiamke. Ila van Gogh alijifunza kwa kunakili michoro ya mafunzo ya Charles Bargue na kazi za mchoraji wa Ufaransa Jean-François Millet, akirudia tena na tena. Msimamo wangu ni kwamba nakili ili ujue mwenzako aliutatuaje ugumu fulani, andika chini ya ukurasa umenakili kwa nani, kisha ugeukie kitu kilicho mbele yako. Anayenakili picha za simu mwaka mzima bila kuchora kikombe cha mezani kwake ndiye anayelala.

"Vifaa ni ghali"

Penseli ya HB, nyingine ya 2B (laini na nyeusi zaidi), kichongeo, na daftari lisilo na mistari. Lenye mistari pia linafaa. Kalamu ya biki ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, maana haifutiki. Tingatinga alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli.

"Lazima nichore watu, na dini yangu hairuhusu"

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la heshima. Kuhusu picha za viumbe hai, wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana, na kila mtu afuate anachokiamini. Darasa halimlazimishi. Milango ya kuchongwa ya Zanzibar na Lamu peke yake ni somo la miezi: mnyororo uliochongwa pembeni, maua, maandishi, vivuli vinavyoingia kwenye nakshi saa kumi jioni. Mashua, majani ya mpapai, pindo la kanga, sufuria zilizopangwa. Jicho hujifunza yaleyale.

"Kama sitakuwa msanii, haina faida"

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2016 majaribio ambapo watu walipewa maneno, mengine wayaandike na mengine wayachore. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, na faida hiyo haikutegemea uzuri wa mchoro. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayechora ua na kutaja sehemu zake kwenye somo la baiolojia anafanya jambo lenye manufaa kuliko kulisoma mara tatu.

"Bila mwalimu hakuna darasa"

Mwalimu anasaidia, lakini watu wanne na saa moja na nusu vinatosha kuanza. Anzeni na karatasi ya kukunjwa, dakika kumi. Kisha mikono bila kutazama, kila mtu mara mbili. Halafu mikao ya nusu dakika kwa zamu, ili kila mmoja asimame na kila mmoja achore. Wekeni kitu kimoja cha nyumbani katikati, mkichore kwa dakika ishirini, mhame viti, mkichore tena. Robo saa ya mwisho pangeni madaftari sakafuni na mzungumze kwa lile sharti la kusema mnachokiona. Andikeni tarehe kwenye kila ukurasa, na msichane hata mmoja.