Je, wajua namna ya kutofautisha vichwa vya treni vya dizeli vinavyofanana?

Abiria anayesubiri katika stesheni ya Tabora, ambako mabehewa yaliyotoka Dar es Salaam hugawanywa, mengine yakaelekea Kigoma, mengine Mwanza na mengine Mpanda, huwa na muda wa kutosha wa kutazama vichwa vya treni vikipishana. Kwa haraka huonekana kama pacha: kibanda cha dereva, boneti ndefu yenye milango mingi, njia nyembamba ya kupita fundi kila upande, na magurudumu sita kila ubavu. Mtu mwenye jicho zuri, hata hivyo, anaweza kujua kila kimoja ni cha ukoo gani bila kumuuliza mfanyakazi yeyote wa reli.

Jambo la kwanza ni kutoitegemea rangi. Rangi ni uamuzi wa mwenye reli, naye huweza kuibadilisha wakati wowote. Umbo ni matokeo ya mashine iliyofungwa ndani. Katika vichwa vingi vya dizeli injini haizungushi magurudumu moja kwa moja, bali huzungusha jenereta, na umeme wake hupelekwa kwenye mota zilizo kwenye ekseli. Kwa hiyo boneti ile ndefu ni nyumba ya injini, jenereta na rejeta, na milango yake imewekwa mahali ambapo fundi anahitaji kufika. Ukijua nini kiko nyuma ya mlango gani, umeanza kukisoma kichwa chenyewe.

Kufanana nako kuna sababu. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 tu kati ya chuma na chuma, na wabunifu wote wa vichwa vya reli nyembamba hubanwa na mipaka ileile ya upana na uzito. (Ndiyo maana kichwa cha TAZARA hakiwezi kuja Tabora kwa magurudumu yake: reli yao ina milimita 1,067.) Tena, baadhi ya vichwa hivi ni ndugu wa damu. Daraja la 88, yaani aina ya vichwa ambavyo namba zake huanza na 88, lilijengwa na kiwanda cha MLW cha Montreal, Kanada. Daraja la 73 lilitoka kiwanda cha DLW cha Varanasi, India, likiwa toleo la kichwa cha India kiitwacho YDM-4. Kiwanda hicho kilipeleka kichwa chake cha kwanza nje ya nchi Januari 1976, na kilikuja Tanzania. Viwanda vyote viwili vilifuata ubunifu wa kampuni ya Marekani ya ALCO. La 73 lina injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ilhali la 88 lina injini yenye nguvu zaidi, silinda zake zikiwa zimepangwa kwa umbo la V. Kwa ndugu wa karibu namna hii namba ndiyo mwamuzi wa haki: tarakimu mbili za mwanzo, zinazoandikwa ubavuni mwa kichwa, hutaja daraja.

Koo zikiwa tofauti, namba haihitajiki. Tazama mwisho wa boneti ndefu, palipo rejeta, kwa kuwa kila kampuni ina namna yake ya kupoza maji ya injini, na kwa maoni yangu hakuna sehemu inayosema wazi kuliko hiyo. Ukoo wa ALCO huweka rejeta ubavuni, nyuma ya vibao vinavyofunguka na kufungika, na juu ya paa huwa na feni moja kubwa iliyolala. Ukoo wa EMD, kampuni nyingine ya Marekani, huwa na feni kadhaa ndogo zaidi, zinazoendeshwa kwa umeme, zimepangwa mstari juu ya paa, na matundu ya kuvutia hewa yako juu kabisa ya ubavu. General Electric huweka rejeta juu, na katika vichwa vyao vikubwa rejeta hiyo ni pana kuliko boneti, hivyo huchomoza pande zote mbili kama mabega. Ukisimama kwenye daraja la kuvukia reli, tofauti hizi utaziona hata kichwa kikiwa mbali.

Magurudumu husaidia kwa kiasi. Kichwa kidogo cha kupangia mabehewa, hasa kile chenye vyuma vinavyounganisha magurudumu yake, hakuna atakayekichanganya na cha safari ndefu. Kwa vile vikubwa, pima kwa macho nafasi kati ya ekseli tatu za kila fremu ya magurudumu iliyo chini ya kichwa: katika fremu nyingi za ALCO ekseli ya kati haiko katikati kamili.

Kisha subiri treni iondoke. Injini ya ALCO ni ya mapigo manne na turbo yake, yaani kifaa cha kusukumia hewa kwenye silinda, huzungushwa na moshi wa eksozi peke yake. Dereva anapoongeza mafuta kwa ghafla, dizeli hufika kwenye silinda kabla turbo haijapata kasi ya kusukuma hewa ya kutosha, na mafuta yasiyoungua vizuri hutoka kama wingu jeusi kupitia eksozi moja. Injini za EMD za mfululizo wa 645 ni za mapigo mawili. Zile zenye turbo huizungusha kwa gia kutoka kwenye injini yenyewe wakati kasi ingali ndogo, hadi moshi upate nguvu ya kuichukua kazi hiyo, kwa hiyo wingu lao wakati wa kuondoka huwa jepesi zaidi. Zisizo na turbo kwa kawaida huonyesha eksozi mbili juu ya boneti badala ya moja.