Ukija Iringa, panga safari kwa ulanzi, makumbusho yatakusubiri

Wasomaji wanaotaka kuvuka mpaka kuja kwetu, wa Nairobi, Mombasa na hata Lubumbashi, huniuliza waje mwezi gani. Wengi wanatarajia niseme Julai, kwa sababu ndio msimu wa wanyama kule hifadhi ya Ruaha. Kwa wanyama, sawa. Lakini mtu anayekuja kutembelea makumbusho na kuonja vinywaji vya wenyeji nampangia masika, hata kama atachafua viatu. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lipo kwenye makumbusho ya Kalenga mwaka mzima. Ulanzi mzuri haupo mwaka mzima.

Ulanzi ni utomvu wa mmea wa jamii ya mianzi, mlanzi, na hutoka kwenye machipukizi wakati wa mvua tu. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, kisha hufunga chini yake kopo la mwanzi linaloitwa mbeta. Kidonda kile hujiziba, kwa hiyo asubuhi na jioni lazima arudi kukifuta kwa kisu, akate kipande chembamba, utomvu uendelee kudondoka. Hakuna anayetia hamira. Vijidudu vya uchachu vimo hewani na ndani ya mbeta yenyewe, iliyotumika jana na juzi, na kazi huanza papo hapo.

Ndiyo maana saa ya kunywa ina uzito kuliko mahali pa kunywea. Ulioteremshwa asubuhi hiyo ni mtogwa: mtamu, mweupeweupe, unapanda puani kidogo kwa gesi. Ukilala unakuwa mkangafu, mchungu kwa uchachu, na miguu yako itajua. Wageni wasiotumia kilevi huambiwa mtogwa ni juisi tu. Si kweli, kilevi kidogo kimo tangu kwenye mbeta. Kama dini au daktari amekukataza, omba togwa ya uji wa mahindi na kimea cha ulezi, na uulize imepikwa lini, maana nayo ikikaa huchachuka.

Kilabuni salimia kwanza. “Kamwene” inatosha kuwafanya wazee wakusogezee benchi, na mama muuzaji mwamkie shikamoo kabla ya kuuliza bei. Kisha uliza: umegemwa lini, umeongezwa kitu? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi sifa naziweka akiba hadi nimeonja. Maji ndiyo wasiwasi wangu mkubwa, ya kuongezea na ya kusuuzia vikombe, kwa hiyo nenda na kikombe chako, hakuna atakayekununia. Ulanzi unaouzwa kiangazi huwa nauruka, na gongo, pombe kali ya kunereka, usiguse kabisa, hata ukiambiwa ni ya mjomba wake mtu.

Sasa Kalenga, yapata kilomita 15 kutoka mjini. Nenda asubuhi, kabla ya tone lolote. Chumba ni kidogo na anayekaa ndani ya kioo ni mtu, si chombo.

Wageni wengi wanajua nusu ya habari: tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga Oktoba 1894. Mkwawa akapigana porini hadi 19 Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani.

Nusu ya pili ndiyo ninayopenda kukaa nayo. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliofunga vita vya dunia, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu hilo. Halikurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Edward Twining, gavana wa Tanganyika, alilifuata kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu 2,000 hivi, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichagua kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Mgeni makini hapo huuliza: basi ni lake kweli? Muulize mtunza makumbusho, na umsikilize hadi mwisho. Ukipata siku kufika Bremen, makumbusho hayo, Übersee-Museum, bado yapo, na swali hilohilo linafaa kuulizwa pale kuhusu yale mafuvu mengine.

Isimila ifanye siku nyingine, barabara ya Mbeya, kama kilomita 20. Utaona zana za mawe, mashoka ya mkono ya watu wa kale sana, zikiwa pale pale zilipookotwa, na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Njia ya kushuka korongoni ina mteremko mkali, kwa hiyo ulanzi uje baada, si kabla. Boma la Iringa mjini, makumbusho tangu 2016, linafaa mchana mvua ikinyesha.

Anayeendelea hadi Rungwe, mkoani Mbeya, ataikuta kimpumu, pombe ya ulezi inayonyweka kwa mrija, ikiongezwa maji ya moto. Kwa baridi ya Tukuyu sijui kinywaji kinachoishinda.

Na kuhusu kubeba ulanzi nyumbani, wananiuliza kila mwaka: hapana. Uchachu hausimami kwa sababu umefunga kizibo, gesi inaendelea kujaa. Wabishi wameshaoga ulanzi ndani ya basi, wao na jirani zao wa kiti, kabla ya kufika mlima Kitonga.