"Turbo imekufa": yanayosemwa garajini Bukavu kuhusu injini ya mazutu (dizeli), na ukweli wake

Ukipita garaji za Bukavu, mashariki mwa Kongo, iwe Kadutu au Panzi, kuna hukumu inayotolewa hata kabla boneti haijafunguliwa vizuri: "Turbo imekufa." Gari limekosa nguvu mlimani, ni turbo. Limetoa moshi, ni turbo. Limepiga mluzi, ni turbo. Mwenye gari anahangaika kutafuta pesa, turbo ya mtumba inafungwa, na muda si mrefu nayo inakufa. Hapo spea inaitwa feki, kazi inaanza upya. Mara nyingi sana kilichoiua ya kwanza ndicho kilichoiua ya pili, na hakuna aliyekitafuta. Inaniuma, maana pesa hizo huwa ni karo ya watoto au mtaji wote wa mwenye Hiace.

Turbo ni magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Moja linasukumwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, la pili linavuta hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo nyingi unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyo ni ile ile ya injini, inafika kupitia kibomba chembamba. Ikichelewa kidogo tu, au ikija na uchafu, chuma kinagusana na chuma.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: oili inafika? Chukua injini ya Toyota 1KD, ile ya lita 3 iliyoandikwa D-4D, iliyojaa kwenye Prado na Hilux tunazopishana nazo kwenye barabara ya Kavumu. Chini ya kila nozeli, inayopuliza mafuta kwenye silinda, kuna pete ndogo ya shaba. Pete ikichoka, gesi ya mwako inapenya pembeni ya nozeli na kuingia kwenye oili, inaijaza masizi. Masizi yanashuka chini na kuganda kwenye chujio la wavu ambalo pampu inanyonyea oili. Ukifungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kwenye injini ya namna hiyo unakuta wavu umevaa ukoko mweusi, unaukwangua kwa ukucha. Taa ya oili inawaka kidogo na kuzima, dereva anasema ni waya. Turbo ndiyo inayoumia mapema, kisha beringi za kranki zinafuata.

Ukifunga turbo mpya juu ya ukoko huo, umetupa pesa. Kabla ya kuifunga, sampu ishushwe, wavu usafishwe, pete za shaba zibadilishwe, kibomba cha oili kiwekwe kipya au kihakikishwe kiko wazi, oili na filta yake vibadilishwe. Na turbo imiminiwe oili kwenye tundu lake kabla injini haijawashwa. Pete hizo ni bei ndogo kabisa ukilinganisha na turbo, na bado ndizo zinazosahaulika.

Hata moshi wa bluu si ushahidi wa kutosha. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo likiziba, au njia ya kupumulia ya injini ikiziba, oili inasukumwa kupita sili za turbo iliyo nzima kabisa. Na gari likikosa nguvu huku likitoa moshi mweusi na sauti ya hewa inayovuja, angalia kwanza mipira ya hewa kati ya turbo na injini. Mara ngapi ugonjwa ni klipu iliyolegea!

Wapo wanaosema turbo ni ya wapenda mbio, milimani inakula mafuta bure. Ni kinyume chake. Bukavu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Injini isiyo na turbo inakosa hewa hiyo, ndiyo maana inapumua moshi mweusi ikipanda. Turbo inaijazia, tena kwa nguvu ya moshi ambao ungetupwa hivi hivi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili wazo hilo mwaka 1905.

Lakini kuna kundi la pili, wanaoipenda turbo kupita kiasi. Wanaichukua Land Cruiser yenye 1HZ, injini ya lita 4.2 isiyo na turbo, wanaifungia turbo wakidhani imekuwa sawa na ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo. Si sawa. 1HZ inashindilia hewa kwa uwiano wa zaidi ya 22 kwa 1 na mwako wake unaanzia kwenye chumba kidogo cha pembeni. 1HD-T ilishushiwa uwiano na mafuta yake yanapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Pakia 1HZ hiyo magunia, ipandishe mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola na mguu umelala kwenye mafuta, joto linapasua vyumba vile au pistoni. Anayetaka kweli kuifungia aweke mgandamizo mdogo wa turbo na kipimo cha joto la moshi. Wengi hawaweki.

"Mazutu ni mazutu." Kwa 1HZ karibu ni kweli, ina uvumilivu mkubwa. Kwa injini za kisasa si kweli hata kidogo. Tangu Alfa Romeo 156 ya mwaka 1997, magari mengi ya dizeli yanatumia reli moja ya mafuta, bomba linalogawia nozeli zote, yenye mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000, na nafasi ndani ya nozeli ni nyembamba kuliko unywele. Mazutu ndiyo yanayolainisha pampu na nozeli hizo. Bidoni ya kadafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, ikiwa na maji, au mafuta ya taa yaliyochanganywa ili yaongezeke, ulainishaji huo unapotea. Chini ya filta ya mafuta kuna kizibo cha kutolea maji. Kifungue mara kwa mara hadi yatoke mazutu matupu.

Oili kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa si kasoro, inabeba masizi na hiyo ndiyo kazi yake. Hesabu kilomita: kwa vumbi na milima ya huku, 5,000 zinatosha. Kuwasha gari robo saa asubuhi hakusaidii, ondoka taratibu. Kinachosaidia ni kuiacha iungurume dakika moja au mbili ukimaliza kupanda Ngomo, kabla ya kuzima.

Na hili nalo: "Ukizima ufunguo, injini inazima." Sili za turbo zikiisha kabisa, oili inaingia kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli inaichoma kama mafuta. Ufunguo unakata mazutu tu. Injini inapanda mizunguko yenyewe, moshi unafunika barabara. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ghafla. Kwa otomatiki, iliyobaki ni kuinyima hewa: ziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao, kamwe si kwa mkono wala kitambaa, kwa sababu vitavutwa ndani. Usipowahi, ondoa watu wote karibu na gari. Mkono wa pistoni unaweza kutoboa bloku na kutoka nje.