Msaidizi wa mwongozaji si utingo

Juzi tena, kijana ameniandikia: "Shikamoo dada, naomba nianze kama msaidizi wa mwongozaji, nikishaiva nitaongoza filamu zangu." Ujumbe wa aina hii nimeshaujibu hadi nimechoka. Leo najibu hapa, mara moja kwa wote.

Linalowapoteza watu ni hilo neno "msaidizi". Wanatufananisha sisi wasaidizi wa mwongozaji na utingo wa lori: leo anapanga mizigo, siku dereva akiugua anashika usukani. Mwongozaji akiugua mimi sishiki kiti chake, nasimamisha shuti na kupanga siku upya. Yeye ana hadithi na waigizaji. Mimi nina muda, watu na usalama wao. Wapo waliotoka huku wakawa waongozaji, lakini hata Marekani njia iliyozoeleka ya msaidizi wa kwanza, mwenye kazi kama yangu, ni kupanda kuelekea usimamizi wa uzalishaji. Msaidizi wa pili anaandaa ratiba ya kesho na kuwaita waigizaji, wa tatu yuko na ekstra, wale wanaojaza umati nyuma ya waigizaji. Kwenye bajeti zetu mara nyingi wote watatu ni mtu mmoja.

Kazi inaanza wiki kadhaa kabla kamera haijafika. Naichambua skripti sini kwa sini, yaani tukio kwa tukio: nani yumo, nguo gani, gari lipi, mchana au usiku. Kila ukurasa tunaugawa sehemu 8, na vitabu vinafundisha kwamba ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Kwenye skrini, sawa. Lakini "Wanafukuzana sokoni" ni mstari mmoja, 1/8 ya ukurasa, na utakula nusu siku yangu. Kanuni ya kukisia hilo sijaipata. Nakisia kwa kumjua mwongozaji na mpiga picha wake, na bado nakosea.

Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, tulikuwa ufukweni Kigamboni. Jua la Juni huku Dar linazama kama saa 12:15 jioni, giza linaingia upesi, na adhana ya Magharibi inafuata hapo hapo, kwa hiyo sauti nayo imekwisha. Saa 12:04 mama wa kwenye hadithi alikuwa analia kilio cha kweli, mchanga umemganda shavuni, na mwongozaji akanyoosha kidole: teki moja zaidi, yaani turekodi tena. Shoti pana ya bahari hatukuwa nayo, na bila hiyo sini isingeunganika. Nikasema, "Tunahamia shoti pana." Alinikasirikia mbele ya watu wote. Tukaipata. Fundi sauti alikuwa anavua hedifoni zake muadhini alipoanza.

Kwa ratiba nilikuwa sahihi. Lakini ile teki ambayo haikuchukuliwa naiwaza hadi leo. Mwigizaji anapofika mahali pale, sijui nani ana haki ya kumkatisha, na sijaona kitabu kinachonijibu.

Kwenye usalama sina shaka hiyo. Oktoba 2021, kwenye seti ya filamu huko New Mexico, Marekani, mpiga picha mkuu Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi halisi iliyotoka kwenye bastola ya kuigizia. Watu wengi wanamkumbuka mwigizaji aliyeishika. Mimi namkumbuka msaidizi wa kwanza wa seti ile: mwaka 2023 hakupinga shtaka la kutumia silaha ya hatari kwa uzembe, akapewa kifungo cha nje cha miezi 6. Kukagua silaha kabla haijafika mkononi mwa mwigizaji ni sehemu ya kazi yetu. Ndiyo maana naumia tukiitwa wabeba viti, na ndiyo maana nikisema "simama" kwenye seti yangu, anasimama hata aliyenilipa.

Mdogo wangu, kama unataka kuongoza, tafuta waigizaji wawili na simu yenye kamera, uongoze Jumamosi hii. Kama ni kazi yangu unayoitaka, chukua skripti yoyote, ichambue, unitumie. Nitaanza kwa kukagua nane za kurasa zako.