Warumi 13 haituzibi midomo

Hapa Kisumu, ukiuliza pesa za barabara zimeenda wapi, hukosi muumini wa kukusomea Warumi 13: mamlaka yote yatoka kwa Mungu, basi nyamaza. Sivyo hata kidogo! Paulo aliyeandika maneno hayo ndiye aliyechapwa viboko mjini Filipi na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa. Asubuhi mahakimu walipoagiza aachiliwe, alikataa katakata kutoka kimyakimya. Alisema yeye ni raia wa Rumi, ambaye kisheria hapaswi kupigwa bila kuhukumiwa. Waje wenyewe wamtoe. Wakaja, wakamsihi. Kwake, sheria ilimfunga pia mtawala.

Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, dayosisi ya Kianglikana ya huku kwetu, alipinga kura ya mlolongo (wapiga kura kupanga foleni hadharani badala ya kura ya siri) miaka ya 1980, wakati kusema kulikuwa hatari. Na kodi ambayo Warumi 13 hiyo hiyo inatuagiza kulipa? Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi, wananchi wakishirikishwa.